Maswali ya Wasomaji: Kifaransa na Kiitaliano Chuoni

Shikamooni walimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma Kifaransa na Kiitaliano. Kifaransa nilikianza sekondari, Kiitaliano ni kipya kabisa. Muhula haujafika nusu, tayari naandika "le mer" na "la mare". Niache kimoja?
*Mwanafunzi, Ujiji, Kigoma*

Marahaba. Usiache. Lugha hizi ni ndugu, watoto wa Kilatini, kwa hiyo ukikosa neno la moja, kichwa hukopa kwa nyingine. Mara nyingi mkopo unakubali, na hapo ndipo mtu anapojisahau. Bahari ni *la mer* kwa Kifaransa, ya kike, lakini *il mare* kwa Kiitaliano, ya kiume. Jino ni *la dent*, kisha *il dente*. Jumapili ni *le dimanche*, kisha *la domenica*.

Kwetu sisi wenye ngeli, nomino kutawala kivumishi si jambo geni. Tabu iko kwenye alama ya kuitambulisha jinsia ya nomino, ya kiume au ya kike. Kiitaliano huionyesha mwishoni: *-o* kwa kawaida ni kiume, *-a* ni kike, ingawa wapo wakaidi kama *la mano* (mkono) na *il problema*. Kifaransa kimemeza miisho mingi, hivyo kila neno liingie daftarini na kitambulishi chake (*le*, *la*, *un* au *une*). Tena usiandike *l'huile*, maana ile *l'* inaficha jinsia. Andika *une huile* (mafuta), *un hôpital*.

Ipo kanuni moja itakayokuokolea maneno mengi kwa mpigo. Nomino dhahania za Kifaransa zinazoishia *-eur* huwa za kike, na ndugu zao wa Kiitaliano wa *-ore* ni wa kiume: *la couleur / il colore* (rangi), *la douleur / il dolore* (maumivu), *la chaleur / il calore* (joto). Wanaovunja kanuni upande wa Kifaransa ni wachache, wakariri tu: *l'honneur*, *le bonheur*, *le malheur*, *le labeur*.

Hatari zaidi ni maneno yanayofanana sura na kuachana maana. *Fermer* ni kufunga, *fermare* ni kusimamisha. *Salir* ni kuchafua, *salire* ni kupanda. *La gare* ni stesheni, kama ile ya Kigoma mjini inakoishia Reli ya Kati, lakini *la gara* ni mashindano. Haya yape daftari la tatu, jembamba. Daftari la Kifaransa na la Kiitaliano zisichanganywe, wala usizisome lugha zote mbili katika kikao kimoja. Moja iwe ya asubuhi, nyingine ya jioni. Ushauri wetu ni kwamba Kifaransa kipate muda mkubwa zaidi mpaka kifike ngazi ya B1 (ya kati, katika ngazi za A1 hadi C2), kwa sababu lugha mbili changa zinazolingana ndizo zinazogongana sana.

Matamshi ya Kiitaliano yatakuwa mteremko kwako, isipokuwa konsonanti maradufu. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. Fupisha irabu iliyotangulia, kisha ishikilie konsonanti kidogo kabla ya kuiachia. Zoezi hili lianze na *anni* (miaka), kwani ukitaja umri wako bila kuikaza hiyo *n* utakuwa umetamka neno la aibu mbele ya darasa zima.

Kifaransa nimekipata kwa kufanya biashara na Warundi, nakizungumza bila tabu. Mbona kwenye kuandika nafeli? Na wenzangu wananicheka nikisema "septante".
*Msomaji, Manyovu*

Umejifunza kwa sikio, na sikio halisikii tofauti ya *parler*, *parlé* na *parlez*. Dawa yake ni hii: weka *vendre* (kuuza) mahali pa kitenzi hicho. Ikikubali *vendre*, andika *-er*. Ikikubali *vendu* (umbo lake la tendo lililokwisha), andika *-é*. *Je veux parler*, kwa kuwa ungesema *je veux vendre*. *J'ai parlé*, kwa kuwa ungesema *j'ai vendu*.

Halafu fanya imla kila siku. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake huwekwa mtandaoni. Chukua dakika moja tu, isikilize mara tatu, andika, kisha linganisha na maandishi kwa kalamu nyekundu. Alama za juu ya herufi zihesabu kuwa makosa kamili: *ou* ni "au", *où* ni "wapi".

*Septante* (70) na *nonante* (90) ni Kifaransa halali cha Ubelgiji, Burundi na Kongo, waache wacheke. Ila izoee *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*, maana kwenye mtihani wa kusikiliza bei na namba za simu zitakuja kwa sura hiyo.

Somo la utamaduni linatahini nini hasa? Mapishi na mavazi?
*Mwanafunzi, Kasulu*

Mapishi yamo, lakini swali huanza na "kwa nini". Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861 tu, ndiyo maana mpaka leo kila mkoa una chakula chake na lahaja yake, na lugha sanifu ikajengwa juu ya Kifirenze cha Dante (1265–1321). Ufaransa ilitenganisha dini na dola kwa sheria ya 1905. Bila kuijua hiyo, hutaelewa ugomvi wao kuhusu mavazi ya dini shuleni.

Heshima nayo hutahiniwa. Mkubwa au mgeni Kifaransa humwita *vous*. Kiitaliano sanifu cha leo humwita *Lei*, na kitenzi kikawa cha nafsi ya tatu umoja. Wanaotoka kwenye Kifaransa hutafsiri *vous* kuwa *voi*, na hapo alama zinapotea.

Binti yangu anahimizwa kufanya DELF. Ni nini, na Kiitaliano je?
*Mzazi, Tabora*

DELF ni diploma ya serikali ya Ufaransa, ngazi A1 hadi B2. Juu yake, C1 na C2, inaitwa DALF. Sehemu za DELF ni nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa 100, lakini akipata chini ya 5 katika sehemu moja ameanguka, hata jumla iwe nzuri. Haimalizi muda, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili. Vyuo vingi vya Ufaransa hudai B2, ambayo sehemu yake ya kuandika ni saa moja, maneno yasiyopungua 250. Tarehe aziulize Alliance Française ya Dar es Salaam au Arusha, na uthibitisho wa usajili uwe mkononi kabla hamjakata tiketi ya treni.

Kwa Kiitaliano kuna diploma mbili, CELI ya chuo kikuu cha Perugia na CILS ya chuo kikuu cha Siena. Zinapima ngazi zilezile, kwa hiyo alipie moja tu.