Gpg kwenye kompyuta ya ofisi: kuiweka ni dakika chache, shughuli iko mbele

Mkuu, umeuliza namna ya kuweka gpg, programu ya kufunga mafaili kwa nywila, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows ili hesabu za kikoba zisisomwe na kila anayekalia kiti. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, na shida yangu ilikuwa hiyohiyo: mashine moja, watumiaji watatu, na wateja wanaochomeka flashi kutwa nzima.

Kuiweka hakuna ugumu. Pakua Gpg4win, yaani gpg ya Windows, kwenye tovuti yao, gpg4win.org, usiombe kwenye flashi ya mtu. Ukurasa utakuomba mchango. Chagua sifuri, ni ya bure kweli. Ukimaliza, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike gpg --version. Mimi nilikuwa nimeacha dirisha la zamani wazi, likanijibu haliijui amri hiyo. Nikasakinisha upya mara mbili, kumbe lilitaka kufungwa na kufunguliwa tu.

Kwenye dirisha hilohilo ingia kwenye folda yenye faili la hesabu, andika gpg -c kikoba.xlsx (kikoba.xlsx ni jina la faili langu, weka la kwako). Itakuuliza nywila, urudie, kisha utaona kikoba.xlsx.gpg. Mambo ya jozi za funguo, njia nyingine ya gpg, ni ya kutumiana mafaili na watu, yaache kwanza.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Faili la mwanzo halifutiki! Linabaki palepale, wazi, kando ya lile lililofungwa. Nilitamba wiki nzima, mpaka kijana wangu wa dukani akanitajia deni langu la kikoba hadi shilingi ya mwisho, huku akicheka. Lifute mwenyewe, na kwenye Recycle Bin pia, ila hakikisha kwanza lile la .gpg linafunguka. Fundi mjanja bado anaweza kulifufua, lakini mimi namkwepa kijana wa dukani tu.

Kufungua ni gpg -o kikoba.xlsx -d kikoba.xlsx.gpg. Ukisahau ile -o, skrini itajaa takataka za herufi na mashine inaweza kupiga kelele. Usishtuke, hujaharibu kitu. Na ukijaribu papo hapo ikafunguka bila kuuliza nywila, si kwamba haikufunga: inaikumbuka kwa muda. Andika gpgconf --kill gpg-agent ili iisahau, halafu ujaribu tena.

Nywila ikipotea, faili limekwenda, hata fundi wa wapi hakusaidii. Yangu iko kwenye karatasi, katikati ya vitenge vya mama watoto. Kila mara anauliza hayo maneno ya ajabu ni ya mganga gani.