Ada ya mchezaji haiandikwi yote mwaka mmoja

Kaka, jana mlibishana kwamba Chelsea walivunja sheria za fedha za ligi kwa kumnunua kiungo Enzo Fernández. Hapana, kumnunua peke yake hakukuvunja sheria. Zile pauni milioni 107 hivi za Januari 2023 hazikuingia kwenye hesabu kwa mkupuo, ziligawanywa kwa miaka ya mkataba. Ni kama mtu wa Kibirizi, Kigoma, anayenunua injini ya boti: hela imemtoka leo, lakini daftarini anaigawa kwa miaka injini itakayofanya kazi. Enzo alisaini miaka minane na nusu, gawanya mwenyewe, haifiki milioni 13 kwa mwaka. Mshahara ni hesabu nyingine. Huo mwanya wa kurefusha mkataba ili ada igawanyike zaidi ulibanwa baadaye mwaka huohuo: UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kwanza, kisha Ligi Kuu ya Uingereza mwezi Desemba. Saini hata miaka 8, ada mwisho unaigawa kwa miaka 5.

Na kilichokuwa kinabanwa enzi hizo ni hasara, si manunuzi: pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, tena kama mwenye timu anaziba pengo kwa mtaji wake. Everton walipitiliza, Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, rufaa ikazishusha hadi 6. Ndiyo maana vijana waliokuzwa na klabu yenyewe, kama Mason Mount wa Chelsea, huuzwa haraka: hawakununuliwa, kwa hiyo karibu bei yote ni faida.

Nafunga hesabu za maduka hapa Mwanga, ni kanuni ileile. Jana pale kibanda umiza mlitaka kuvuana mashati bure.