Jibu: Kwa nini mchezo wangu wa video wa kuruka hauna raha?

Umesema michoro iko sawa ila kuruka kunaudhi. Basi acha michoro, rekebisha mruko kwanza. Kwa fremu (picha moja moja za skrini) 60 kwa sekunde, mruhusu mchezaji aruke hata fremu 6 baada ya kutoka ukingoni. Akibonyeza kitufe fremu 6 kabla ya kutua, programu ikumbuke na imrushe mara tu anapogusa chini. Bila hayo atalalamika kwamba alibonyeza, na kweli alibonyeza. Akianza kushuka, zidisha nguvu ya mvutano inayomvuta chini mara 1.5 hadi 2. Akiachia kitufe mapema, punguza kasi ya kupanda kwa nusu.

Skrini: chora kwa pikseli (nukta za picha) 320×180, ukuze mara 4 au 6 kamili. Ukikuza mara 4.5, pikseli hazilingani ukubwa na mhusika huonekana akitetemeka anapotembea.