Waifai ya Baba Neema

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Huku Mwanza tu wazima. Ujumbe wako nimeusoma: waifai ya jirani inafika mpaka chumbani kwako hapo Sinza, Neema ndiye aliyekutajia paswedi, bando halikai, sasa unauliza kama hilo ni kosa au ni ujanja tu wa mjini. Na ukaongeza, "Mama, nani amewahi kushtakiwa kwa waifai?"

Ni kosa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi na isivyo halali kwenye mfumo wa kompyuta. Mtandao wa jirani umo humo, na kuutumia tu ni kuingia. Si lazima uvunje paswedi wala uchukue faili la mtu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyoipata, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Hakimu akiamua kukutoza faini anaanzia hapo, hata ukimwonyesha kitambulisho cha chuo.

Unasema Neema alikupa mwenyewe. Neema yuko darasa la sita! Ruhusa inatoka kwa anayelipia huduma, naye ni baba yake. Ungeweza kujitetea kwamba hukukusudia kosa, ila tangu uniandikie kuuliza kama ni kosa, utetezi huo umeuchafua mwenyewe. (Ndiyo faida ya kuwa na mama wakili.)

Walioshtakiwa wapo. London mwaka 2005 mtu mmoja alipigwa faini ya pauni 500 kwa kutumia waifai ya watu bila idhini. Singapore, kijana wa miaka 17 aliwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18 mwaka 2007. Hapo Sinza, nadhani Baba Neema angebadilisha paswedi na kukununia.

Ninachokihofia zaidi ni kingine. Mtu akitapeliwa au akitukanwa mtandaoni na ujumbe ukaonekana umepita kwenye laini ya Baba Neema, polisi watabisha kwake, kwa sababu jina lililo kwenye mkataba ni lake. Naye atafungua ukurasa wa ruta yake aone orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu ya mkewe, televisheni, kisha "Baraka wa Sinza". Si hivyo ulivyoiita simu yako? Hapo hata kama hukuandika neno lolote, utaanza kwa kueleza ulifikaje humo, na maelezo yako ya kwanza yatakuwa ni kukiri kosa la kifungu cha 4. Simu nayo itachukuliwa ikachunguzwe, na kazi zako za chuo zimo.

Kwa hiyo leo ifute hiyo waifai kwenye simu na kwenye laptopu, visije vikajiunga vyenyewe. Kisha nenda kwa Baba Neema, umwamkie vizuri, umwombe. Usimtaje mtoto, atachapwa bure. Akikubali, mwombe akuandikie kwa meseji, na usiifute. Mahakama zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki. Akisema utumie mpaka mitihani iishe, mitihani ikiisha toka, maana kifungu cha 5 kinamgusa hata aliyeruhusiwa akaendelea kutumia baada ya muda wake kwisha. Na kabla hujaahidi kumchangia hela, muulize mkataba wake na kampuni ya intaneti unasemaje kuhusu kuwagawia watu wa nje ya nyumba yake.

Akikataa, usinune. Maktaba ya chuo ina waifai na umeshailipia kwenye ada. Bando la wiki hii nitakurushia jioni, ila uniambie kwanza lile la juzi liliishia wapi.

Mama yako