Kabla Hujajiandikisha Mafunzo ya Ualimu wa Yin Yoga

Siku ya tatu ya mafunzo tulipangwa wawili wawili. Mmoja analala chali, mwenzake anamkunja goti, kisha anauzungusha mguu taratibu ili kuona nyonga inafika wapi. Mguu wa mwenzangu ulishuka upande wa nje mpaka goti likakaribia sakafu. Wangu ulifika katikati ukagoma. Hakukuwa na msuli uliovutika popote. Ni mfupa wa paja uliokutana na ukingo wa tundu la nyonga, basi. Nilikuwa nimefanya yoga miaka sita, na miaka yote hiyo niliamini magoti yangu hayashuki kwa sababu ya uvivu wangu. Nilibaki nimelala pale machozi yakinitoka, na mkufunzi akaniacha nilie.

Wengi huniuliza kama mafunzo haya yanafaa kulipiwa. Jibu langu hutegemea jambo moja: je, utapewa muda wa kutosha wa kushika, kutazama na kusikiliza miili ya watu halisi? Kama ratiba imejaa mihadhara na orodha ya mikao ya kukariri, endelea kutafuta.

Kwa asiyeifahamu Yin, ni yoga ya utulivu. Mikao mingi hufanywa ukiwa umeketi au umelala, misuli ikiwa imelegezwa, na unakaa dakika 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Kinacholengwa ni kano, fashia (utando unaozunguka misuli) na viungio, hasa vya nyonga na mgongo wa chini, ambavyo hupenda mvuto mdogo wa muda mrefu kuliko nguvu za ghafla. Mizizi yake ya karibuni iko Marekani, kwa Paulie Zink aliyefundisha yoga ya Kitao, yaani inayofuata falsafa ya Kichina ya Tao. Mwanafunzi wake Paul Grilley aliiunganisha na anatomia pamoja na mafundisho ya Mjapani Hiroshi Motoyama kuhusu meridiani, njia ambazo tiba ya jadi ya Kichina husema nishati hupita. Sarah Powers naye alichangia sana kulieneza jina la Yin.

Grilley ndiye aliyesisitiza lile nililoliona kwenye nyonga yangu. Mifupa ya watu haifanani. Shingo ya mfupa wa paja ina pembe tofauti kwa kila mtu, na tundu la nyonga linaweza kuelekea mbele zaidi au pembeni zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa Yin haulizi kama mkao unapendeza. Anauliza, "Unasikia nini, na unakisikia wapi?" Ukisikia mvutano, huenda muda ukasaidia. Ukisikia mfupa unagonga mfupa, muda hausaidii kitu, badilisha mkao. Kwa miaka mingi nilijilazimisha kwenye Swani Aliyelala, ule mkao unaofanana na Njiwa, mguu mmoja ukiwa umekunjwa mbele na mwingine umenyooshwa nyuma, na goti langu ndilo lililolipa. Nyonga ikikataa kuzunguka, goti hujaribu kuzunguka kwa niaba yake, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu vyeti nitasema kwa kifupi. Mafunzo mengi ya Yin ni ya saa 50 hivi, na hujengwa juu ya yale ya msingi ya saa 200, kiwango kinachotambuliwa na Yoga Alliance, shirika la Marekani linalosajili walimu na shule za yoga. Kama huna msingi huo, anza nao. Saa 50 hazitoshi kujifunza mwili, kupumua, usalama na kufundisha kwa pamoja.

Lililonishinda zaidi halikuwa anatomia, lilikuwa ukimya. Tulipoanza kufundishana, nilimwongoza mwenzangu kwenye Kiwavi, mkao wa kuketi na kuinama juu ya miguu iliyonyooshwa. Dakika 5 nzima nilizungumza: legeza mabega, fuata pumzi, samehe, achilia. Alipoinuka aliniambia kwa upole, "Hukuniachia hata pumzi mbili za kwangu." Nilikuwa nimemjazia maneno kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa kimya.

Tangu siku hiyo nilianza zoezi ambalo nakuomba ulianze hata kabla hujajiandikisha. Weka kengele ya dakika 5, ingia kwenye mkao mmoja, usiweke muziki, usisogee. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima. Utakutana na kuchoka, hasira, kumbukumbu, usingizi, na kiu ya kushika simu. Hayo hayo ndiyo watakayokutana nayo wanafunzi wako, na hutaweza kuwaacha wakae nayo kama wewe mwenyewe unayakimbia. Ukifundisha, toa maelekezo katika dakika ya kwanza, kumbusha mara moja katikati, kisha nyamaza. Mkao ukiisha, waache walale kidogo kabla ya kuendelea. Mara nyingi hapo ndipo mtu husikia mwili wake kwa uwazi zaidi.

Wapo watakaolia. Usiwaeleze machozi yao yanamaanisha nini. Nimesikia walimu wakitamka kwa uhakika kwamba huzuni fulani imehifadhiwa kwenye nyonga fulani, na hilo linanikera. Meridiani nazifundisha kwa heshima kama urithi wa tiba ya Kichina, lakini sizichanganyi na anatomia, wala sijifanyi mganga. Sogeza tishu karibu, kaa pale, na baadaye muulize kama yuko sawa.

Kosa langu zito lilitokea nikiwa tayari na cheti. Darasani kulikuwa na mama mmoja mwenye viungo vinavyonyumbulika kupita kawaida. Alikwenda chini kabisa katika kila mkao, nami nikamsifu mbele ya wenzake. Kesho yake nyonga ilimuuma mpaka akashindwa kupanda ngazi vizuri. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuvutwa zaidi, anahitaji kurudishwa juu, awekewe mito na kukaza misuli kidogo. Sasa kabla ya darasa humuuliza kila mgeni faraghani kuhusu ujauzito, diski za mgongo, mifupa iliyodhoofika na viungo vinavyoteguka kirahisi. Pia huwaambia wote: ganzi, maumivu makali au hisia ya umeme, toka kwenye mkao wala usisubiri kengele. Na simsukumi mtu yeyote kwa mikono, hata akiniomba.

Ukimaliza mafunzo, usikimbilie ukumbi mkubwa. Chukua watu wawili au watatu, wenye miili tofauti kadiri iwezekanavyo, uwafundishe wiki kadhaa na kuandika kila mmoja alisikia nini na wapi. Daftari langu la kwanza bado ninalo. Kwenye Kipepeo, mkao wa kuketi nyayo zikiwa zimekutana, wanafunzi watatu waliniambia mambo matatu: mmoja paja la ndani, mmoja mgongo, na wa tatu akasema hasikii chochote kabisa. Nilimweka wa tatu katika mikao minne mingine kabla hajasema, "Hapo."