Re: Samaki wanapumulia juu baada ya kuosha tangi
Pole kaka. Ikiwa ulimwaga maji yote ukasugua hata sponji ya filta kwa maji ya mfereji, na sasa wako juu midomo wazi wavuta hewa, mimi naona ni amonia, sumu itokayo kwa kinyesi chao, kwa sababu ule uchafu wa sponji ndio nyumba ya bakteria wanaoila sumu hiyo, na klorini, ile dawa iliyotiwa maji ya mfereji, imewaua. Nimeua wanne hapa Malindi kwa usafi huo huo 😅 Una dawa ya kuondoa klorini? Ukiwa nayo, badilisha robo ya maji sasa hivi; kama huna, ndoo ya maji ya mfereji ilale wazi masaa 24 kwanza, kisha robo kila siku. Pampu ya hewa usizime, chakula siku mbili hakuna, hawafi. Maji ya kisima hapana, mengi huku yana chumvi. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, wajikuna kwa mawe? Hilo jambo jengine, uliza daktari wa mifugo kabla ya kumwaga dawa.