Spidi ya prosesa aamue nani? Majibu ya maswali yenu

Swali (Kasulu): Laptopu yangu imeandikwa 2.4 GHz ila nikicheki naona 800 MHz tu (yaani 0.8 GHz). Nimepigwa?

Hapana kaka, hujapigwa, hapo prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, haina kazi ndo maana imejishusha. Fungua video nzito uangalie namba zinavyoruka juu. Zikigoma kupanda kabisa, safisha kwanza vumbi kwenye feni.

Swali (Ujiji): Nasoma kompyuta. Nimeandika kiprogramu kinacheki mzigo kila sekunde 1 kisha kinabadilisha spidi, kwa nini Linux hiyo kazi wameipa kerneli (kiini cha mfumo)?

Safi sana mdogo wangu, hilo wazo wengine walishalifanya, kulikuwa na programu kama cpufreqd na powernowd zinakaa nje ya kerneli zinafanya hivyohivyo. Mwaka 2004 kerneli 2.6.9 ikaja na ondemand, kanuni ya kuchagua spidi iliyo ndani ya kerneli yenyewe, uamuzi ukahamia ndani. Tatizo ni muda. Sekunde 1 kwa prosesa ya 2 GHz ni mizunguko bilioni 2, mtu kabofya faili, kazi imeanza na kuisha ndani ya milisekunde 200, kiprogramu chako bado kimelala, kikiamka kinapandisha spidi kwa kazi ambayo haipo tena. Na mashine ikielemewa chenyewe kinapanga foleni kama programu zingine, yaani pale kinapohitajika zaidi ndo kinachelewa zaidi.

Chukua boti inayotoka Kibirizi. Mwenye boti yuko nchi kavu, anasema leo mafuta ni madumu mawili tu, hiyo haki yake, lakini wimbi likija anayeshika mashine ni nahodha, huwezi kumpigia simu tajiri kila wimbi. Mwenye boti ni wewe na kiprogramu chako, nahodha ni skedula, ile sehemu ya kerneli inayogawa zamu, yenyewe inajua nani anasubiri saa hiihii. Ndo maana schedutil, kanuni nyingine ya kuchagua spidi iliyoingia kwenye kerneli 4.7 mwaka 2016, inachukua hesabu moja kwa moja kwa skedula badala ya kukisia.

Kiprogramu chako usikitupe! Kerneli haijui kama uko kwenye sola na mawingu yamefunga tangu asubuhi, wewe unajua. Kifanye kiwe kinabadilisha scaling_max_freq (kikomo cha juu cha spidi) betri ikishuka, basi, mengine kiiachie kerneli.

Swali (Mwanga): Nina stationery, niliweka powersave (mpangilio wa spidi wa kubana umeme) ili betri ya sola idumu, sasa kufungua PDF ya kurasa 80 wateja wanasimama mpaka wanaondoka.

Pole dada. Kwenye mashine nyingi za zamani powersave inaifunga prosesa kwenye spidi ya chini kabisa, haipandi hata kazi iwe nzito vipi, wakati kwenye Intel zinazotumia intel_pstate (sehemu ya kerneli inayoongoza spidi ya prosesa za Intel) jina hilohilo maana yake inapanda na kushuka, kwa kweli jina limewachanganya wengi. Halafu akiba yenyewe inatokana hasa na volteji kushuka pamoja na spidi, volteji ikishafika chini unabaki unachelewa tu huku skrini na printa vinaendelea kula umeme. Weka schedutil, punguza mwanga wa skrini.

Swali (Gungu): Nasikia siku hizi chipu inajiamulia yenyewe?

Kweli, prosesa za Intel kuanzia aina ya Skylake za 2015 zinaweza, kerneli inatoa mipaka na kusema unapendelea nguvu au akiba, spidi inachagua chipu. Kama yako ina uwezo huo usiuzime.